Probox kwa Mji wa Kindu

Wasikilizaji, neno hili ni kwenu mlio Kasuku na Mikelenge, na kwenu wa ng'ambo ya mto kule Alunguli. Leo tuna habari ya gari. Land Cruiser za mashirika tuziache, na magari ya wakubwa tuyaache pia. Nazungumzia lile gari dogo lenye umbo la boksi, paa limenyooka hadi nyuma, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na viti vinalala ili mizigo ipate nafasi: Toyota Probox na pacha wake Succeed, Nissan AD, na mengine ya ukoo huo. Swali linalozunguka mjini ni hili: mtu akishakusanya pesa, anunue jipya au lililotumika?

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa Kindu, nunua lililotumika. Nunua la gia za mkono. Nunua la zamani kidogo kuliko lile ambalo macho yako yanalitamani, na siku ya kununua uwe umebakiza nyumbani theluthi ya pesa zako. Muda uliobaki nitautumia kueleza sababu, maana pesa ya gari katika mji huu ni jasho la miaka, na inauma kuiona imewekwa juu ya matofali uani, kuku wanatagia ndani.

Tuanze na haja yenyewe. Kindu inatembea kwa pikipiki, kwa baiskeli na kwa miguu. Vijana wa pikipiki wanatufaa sana na sina neno baya juu yao. Lakini mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane huko Mikelenge, anapakiwa katikati, dereva mbele, shangazi nyuma akimshikilia. Mtu aliyepasuliwa tumbo anatoka hospitali akiwa amekaa kwenye pikipiki, na kila shimo analisikia kwenye mshono. Mama anayeuza mchele sokoni anapakia gunia lake, mvua inamkuta njiani, na mchele ukishaloa bei yake si ile tena. Gari dogo la boksi linafanya kazi hizi zote kwa siku moja: asubuhi mchele, mchana abiria, usiku mgonjwa. Mtu asituambie kwamba gari la namna hiyo ni anasa.

Probox yenyewe ilizaliwa kwa kazi. Toyota ilianza kuiuza Japani mwezi wa saba mwaka 2002, pamoja na Succeed, ili zichukue nafasi ya Corolla Van na Caldina Van. Wateja waliolengwa walikuwa makampuni: fundi anayezunguka na vyombo vyake, mwuzaji anayepeleka sampuli za bidhaa kutoka duka hadi duka. Ndiyo maana ndani hakuna urembo. Sakafu ya nyuma ni bapa, plastiki ni ngumu, na kila kitu kimewekwa mahali ambapo mkono wa mfanyakazi unakifikia. Toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2014 lina hata kimeza kidogo cha kuvuta cha kuwekea chakula, na nafasi ya kusimamisha pakiti ya maziwa ya lita 1. Mtu alikaa akafikiri dereva atakula wapi mchana. Heshima ya namna hiyo kwa mfanyakazi naipenda.

Na kwa nini magari haya yanatoka Japani kwa wingi? Sheria ya Japani inalitaka gari dogo la mizigo likaguliwe baada ya miaka 2 ya kwanza, kisha kila mwaka. Ukaguzi ni wa gharama. Kampuni ikishapiga hesabu, inaona heri kuliuza gari mnadani na kuchukua jingine. Mnadani wanangoja wanunuzi wanaopeleka nje. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda tangu 2018 inakataa yaliyozidi miaka 15. Tanzania inapokea, ila gari kuukuu hutozwa kodi zaidi. Kwa hiyo machanga yanashukia Mombasa, na mengi yenye umri mkubwa yanapita Dar es Salaam kuelekea kwetu na Zambia. Kenya ndiko Probox ilikopata sifa, ikibeba miraa kutoka Meru kwa mbio za kutisha na kujazwa watu vijijini kupita kiasi. Kwetu mashariki, watu wa Butembo na Bunia wanaijua vizuri.

Sasa tazameni safari yake mpaka Kindu, kwa sababu bei ya gari hapa ni bei ya safari. Kutoka Dar es Salaam gari linapanda hadi Kigoma, linavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, halafu linakwea behewa la shirika la reli, SNCC: Kabalo, Kongolo, Kibombo, Kindu. Njia hiyo ina umri mrefu kuliko reli. Misafara ya watu wa pwani, pamoja na ile ya Hamed bin Muhammed tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, ilipita Ujiji ikaingia Maniema hadi Kasongo, ikaacha vidonda vya utumwa, ikaacha pia mchele na lugha hii ninayowasemesha. Njia ya pili inatoka Lubumbashi. Tangu reli ya Kamina na Kabalo ilipounganishwa mwaka 1956, behewa linaweza kutoka kule kusini likafika kwetu bila gari kushushwa njiani. Njia ya tatu ni ya Kinshasa: zaidi ya kilomita 1,700 za mto hadi Kisangani, kisha reli ya kilomita 125 hadi Ubundu kukwepa maporomoko, kisha mto tena hadi bandari yetu. Wale waliozoea kununua Goma au Bukavu, nawaomba wasijaribu kwa sasa. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ile si njia ya kumpeleka mtu na akiba ya familia yake.

Kila unapopakia na kushusha, kuna mkono unaolipwa na kuna kitu kinachoweza kupotea. Redio, jeki, gurudumu la akiba, betri. Gari lenye vioo vya umeme na sensa kila kona linaweza kuondoka Lubumbashi likiwa zima, likafika na taa nyekundu tatu zinawaka kwenye dashibodi, na hapa nani atazisoma?

Hapo ndipo naliona tatizo la gari jipya. Kwanza, Probox mpya inauzwa Japani tu. Ukitaka dogo jipya kutoka kwa wauzaji rasmi utapewa jina jingine, Suzuki ya aina fulani au Toyota Rumion, ambayo kwa kweli ni Suzuki Ertiga iliyobandikwa nembo ya Toyota. Ni magari mazuri kwa mahali pake. Lakini wauzaji rasmi wako Kinshasa na Lubumbashi, na garanti wanayokupa inakutaka ulipeleke gari kwao kwa kila huduma. Mtu wa Kindu atalipelekaje? Atalipakia tena kwenye behewa ili likabadilishwe oili? Anayenunua jipya analipia garanti ambayo hataitumia, na msimu wa kwanza wa mvua unalifanya kuwa gari lililotumika kama mengine. Ile ziada yote aliyolipa, barabara inaila kabla ya Krismasi.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, gari jipya linamhitaji fundi ambaye mji wetu haujampata bado. Fundi wetu wa chini ya mwembe ana masikio, ana mikono, ana uzoefu wa ajabu. Nampa heshima yake. Kompyuta ya kiwanda hana. Ukimletea injini ya Probox ya 1.5, ile inayoitwa 1NZ, ya sentimita za ujazo 1,496, anaijua. Imo ndani ya Ist, Raum, Platz na Corolla nyingi za miaka ile. Hata Marekani, Toyota ilipoanza mwaka 2003 kuuza kigari cha boksi kwa jina la Scion xB, chini ya boneti kulikuwa na 1NZ hiyohiyo. Inatumia cheni, haina mkanda wa kukatika ghafla na kuharibu injini. Kipuri chake kikikosekana Kindu, kiko Kisangani, kiko Kalemie, kiko Lubumbashi, na msafiri anaweza kukuletea kwenye mfuko.

Hebu sasa tuje kwenye lililotumika, maana nako kuna kuchagua, na watu wengi hapa hukosea kwa kufuata mwaka. Wanadhani lililo changa zaidi ndilo bora. Toleo la 2014 ambalo nimelisifu kwa kimeza chake lilikuja na gia za CVT, zisizo na hatua, zinazotegemea mkanda wa chuma na oili ya aina maalum. Kwenye lami ya Japani zinapunguza mafuta. Kwenye tope letu jekundu, gari likinasa na dereva akikanyaga, zile gia zinachemka, na oili yake huipati hapa. Likifa sanduku hilo la gia, gari limekufa. Toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2014, lilipatikana na gia 5 za mkono, na kilachi fundi wetu anakibadilisha kwa siku moja. Kwa hiyo kati ya Probox ya 2015 na ya 2010 zenye hali inayofanana, mimi ningechukua ya 2010 yenye gia za mkono bila kusitasita. Ila kabla ya kutoa pesa pita DGDA, ofisi ya forodha, uulize, kwa sababu kanuni za kuingiza magari zinatazama umri, na pia zinatazama upande wa usukani.

Usukani. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya Japani usukani wake uko kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka atoe pua nzima ya gari, au abiria wa mbele amwangalizie. Na abiria huyo wa mbele anaposhuka, mlango wake unafungukia katikati ya barabara, pikipiki zinapopita. Akina mama wengi wanashuka upande huo na mtoto mgongoni. Kama gari lako lina usukani kulia, weka desturi kwamba wa mbele hafungui mlango mpaka dereva aseme. Na kama unapata la usukani kushoto kwa bei ya juu kidogo, lipa hiyo tofauti. Hapo sibishani na mtu juu ya pesa.

Tuje kwenye kukagua. Muuzaji atakuonyesha rangi. Rangi mwache nayo. Ingia chini. Chukua turubai, lala, angalia mihimili ya mwili wa gari kutoka mbele hadi nyuma. Tafuta mahali palipochomelewa, mahali ambapo rangi nyeusi imepakwa juu ya kutu. Gari lililopinda likanyooshwa litakula matairi yako maisha yake yote. Gusa amotisere za mbele; zikiwa zimelowa oili, zimekwisha. Endesha ukikata kona kali kushoto na kulia, sikiliza kadani: ikipiga tak-tak-tak, hesabu kadani mpya kwenye bei. Fika alfajiri, kabla muuzaji hajaiwasha injini, maana injini ya moto inaficha mengi. Ikiwashwa baridi, sikiliza kama cheni inagonga sekunde za kwanza, kisha mwambie mtu akanyage nawe utazame moshi. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua, na 1NZ iliyotembea sana ina tabia hiyo. Fungua rejeta, ila ikiwa baridi tu. Maji yenye kutu au yenye utando wa oili ni sababu ya kwenda nyumbani.

Halafu kilomita. Namba iliyo kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma na kijana mwenye kifaa kidogo. Muulize muuzaji karatasi mbili za Japani. Moja ni ya mnadani, inayotoa daraja kwa namba: 4 ni zuri, 3 na nusu linakubalika, na herufi R maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ya pili ni cheti cha kulifuta gari kwenye daftari la Japani ili lisafirishwe, ambamo huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Kama cheti kinasema 160,000 na dashibodi inasema 90,000, umeshajua unazungumza na mtu wa namna gani. Kwa upande wa Congo, taka kuona karti roza, karatasi za ushuru wa forodha, vinyeti na bima, na namba ya chasisi uisome mwenyewe kwenye chuma, usisomewe. Gari lisilo na karatasi za forodha linakuwa rahisi siku moja tu, siku ya kununua. Baada ya hapo kila kizuizi cha polisi wa barabarani kina bei yake.

Ile theluthi niliyosema ubakize nyumbani ni ya nini? Ni ya wiki za kwanza. Amotisere 4, matairi, oili zote, vichujio vyote, betri. Fanya kabla gari halijaanza kazi. Kichujio cha mafuta hasa, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli yetu inauzwa kwenye chupa na vidumu kando ya njia, imepita mikono mingi, na ndani mna maji na mchanga. Wauzaji wale, tunaowaita Kadhafi, wanatuokoa siku kituo kikikauka. Chuja kwa kitambaa safi, kila mara.

Sasa neno juu ya kupakia, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Probox ya mizigo, kwa hesabu ya kiwanda, inabeba kilo 400 ikiwa na watu 2, au kilo 250 ikiwa na watu 5. Gunia la mchele ni kilo 50. Basi ni magunia 8, dereva, na mwenye mchele. Au magunia 5 na watu 5. Kila unachoongeza juu ya hapo kinatoka mahali: kwenye springi za nyuma, kwenye breki, kwenye tairi. Breki za nyuma za gari hili ni za ngoma, zinachoka zikipata joto na tope. Najua dereva atasema biashara hailipi kwa watu 5. Basi bei ya nauli ikubaliwe hadharani, tuijadili hapa hapa redioni kama inabidi, kuliko kumweka mtoto wa mtu juu ya magunia karibu na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba. Kenya wamezika watu wengi kwa njia hiyo. Sisi bado tuko mwanzoni, magari haya kwetu ni machache, na desturi ikiwekwa sasa itashika.

Na mwenye pesa pungufu? Akina mama wa soko, nyinyi mna likelemba. Mnajua kuweka akiba kwa zamu na mnajuana tabia. Mama mmoja peke yake atangoja miaka mingi kununua gari. Akina mama kumi wanaouza mchele, muhogo na mafuta ya mawese wanaweza kulipata, wakiandika kwa karatasi nani anashika ufunguo, dereva analipwa kiasi gani kwa wiki, na fungu lipi la kila siku linawekwa kando kwa matengenezo kabla ya mtu yeyote kugawana. Fungu hilo lishikwe na mtu ambaye si dereva. Mapatano yasainiwe mbele ya wazee au kwenye ofisi ya commune. Msiogope kulipeleka gari kwa fundi wenu mnayemwamini kabla ya kulipa, hata kama muuzaji ni shemeji. Hasa kama muuzaji ni shemeji.

Lipokeeni gari msimu wa kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, barabara zikiwa kavu. Mtapata muda wa kulizoea na kusikia milio yake kabla tope halijaanza kufunika kasoro. Hiyo ina maana mazungumzo na muuzaji yaanze mapema sana, kwa kuwa treni na mashua haziendi kwa kalenda yetu.

Kuna watu ambao nawaambia waziwazi wasinunue. Daraja la kuvuka Lualaba hapa mjini hatuna. Barabara ya Kalima na ya Kasongo inaanzia Alunguli, na gari linavushwa kwa kivuko. Probox iko chini. Ukiipandisha kwenye kivuko ikiwa imepakia, bampa la mbele linasugua ulimi wa chuma, na ng'ambo linakungoja tope lililochimbwa na malori hadi magotini. Mafundi wanaweka vipande vya kuinua springi, gari linapanda kidogo, ila kadani zinakaa kwa pembe isiyo yake na zinakatika upesi. Ndugu yangu ambaye kazi yako ni kwenda Kalima au Pangi kila wiki, mvua na jua, gari hili halikufai, jipya wala lililotumika. Nunua pikipiki imara ya njia ya tope. Pesa inayobaki iingize kwenye likelemba ya gari la mjini, ili siku unapomleta mama yako mgonjwa kutoka Kalima, mkivuka mto mkute gari la kumfikisha hospitali akiwa amelala.